Twende Vasha: Mwongozo kamili wa kutoka Tanzania kwenda kutazama Safari Rally Naivasha

Mwaka 2022 nilivuka mpaka wa Namanga kwa mara ya kwanza nikiwa na hamu moja tu, kuyaona kwa macho yangu magari ya Safari Rally, mashindano ya dunia ya magari yanayofanyika Naivasha, Kenya. Ijumaa ile nilijipangia kuona mikondo mitatu, yaani vipande vitatu vya njia ya mashindano: mmoja asubuhi, wa pili mchana, wa tatu jioni. Hadi jua linazama nilikuwa nimeona vumbi la gari moja na mgongo wa askari aliyefunga barabara. Jumamosi nikaenda sehemu moja tu. Nilifika giza halijatoka, nikakaa palepale mpaka alasiri, na kila gari lililokuwa bado mashindanoni nililiona mara mbili. Karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa umetokana na tofauti ya siku hizo mbili.

Rally si mpira. Hakuna uwanja wenye geti na namba ya kiti. Magari yanakimbia moja moja kwenye njia za vumbi zilizofungwa, kila kipande cha njia kinapigiwa saa, na mwenye jumla ndogo ya muda ndiye mshindi. Vipande hivyo ndivyo Wakenya wanaviita mikondo. Gari likikupita unaliona kwa sekunde chache tu, halafu unasubiri lijalo. Kwa hiyo safari nzima, kuanzia pasipoti hadi viatu, unaipanga kwa ajili ya kuwa mahali sahihi kwa wakati sahihi na kutulia hapo.

Kwanza ujue unaenda kuona nini

Mashindano haya yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wetu wengi waliyaona magari yakipita kando ya vijiji vyao bila kuvuka mpaka wowote. Baadaye yakabaki Kenya. Yalikuwa kwenye ubingwa wa dunia tangu 1973 hadi 2002, yakatoka, yakarudi 2021. Joginder Singh aliyashinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, na hadi leo ukikaa na mzee wa Gilgil au Nakuru atakutajia majina hayo kabla hujamuuliza.

Safari Rally ya sasa ni fupi kuliko ile ya zamani, lakini bado inavunja magari. Mwaka 2021 Thierry Neuville aliingia Jumapili akiongoza, kifaa cha kuzuia mtikisiko kikavunjika, ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Mwaka huohuo Kalle Rovanperä alikwama kwenye mchanga siku ya Ijumaa. Mwaka uliofuata akarudi na kushinda. Mchanga huo una jina lake, feshfeshi. Ni vumbi laini kama unga wa ngano, linafunika mashimo na mawe, na dereva hajui kilichomo chini mpaka gurudumu liingie. Ndiyo maana magari huwekwa bomba refu la kuvuta hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele, ili injini isimeze vumbi wala maji. Ukiliona bomba hilo ujue uko Safari.

Tarehe, na kwa nini usikurupuke

Kuanzia 2021 hadi 2023 mashindano yalifanyika Juni. Mwaka 2024 yakahamia mwisho wa Machi, wikiendi ya Pasaka, na 2025 yakawa tarehe 20 hadi 23 Machi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Juni ni baridi na vumbi. Machi ni mwanzo wa masika: asubuhi jua linawaka, alasiri mvua inaweza kukushukia ghafla, na njia iliyokuwa unga inageuka tope la kunata. Angalia tarehe kwenye ratiba rasmi ya ubingwa wa dunia kwanza. Usinunue tiketi ya basi wala ya ndege kwa kufuata picha uliyorushiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Ratiba ya mikondo hutoka wiki kadhaa kabla. Hiyo ndiyo karatasi muhimu kuliko zote katika safari yako. Ichapishe, kwa sababu mtandao wa simu porini ukielemewa na watu wengi, unakatika.

Hati, na kadi mbili za njano

Mtanzania haombi viza ya Kenya, wala ule utaratibu wa kibali cha kielektroniki ulioanza Januari 2024 kwa wageni wa nchi nyingine haumhusu raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Unahitaji pasipoti iliyo hai. Kama huna na muda umebana, ofisi za Uhamiaji hutoa hati ya dharura ya kusafiria. Usijaribu kuvuka kwa kitambulisho cha NIDA. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wana makubaliano yao ya vitambulisho, sisi hatumo.

Kisha kuna jambo linalowachanganya wengi pale Namanga. Mtu mmoja anakuuliza kadi ya njano, unampa, unapita. Hatua chache mbele, ukiwa na gari, mwingine anakuuliza kadi ya njano, unampa ileile, anakurudishia. Ni kadi mbili tofauti. Ya kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukichanjwa mara moja inakutosha maisha, lakini cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo chanjo ya siku moja kabla ya safari inaweza kukukwamisha. Ya pili ni Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya gari inayotambulika nje ya nchi. Kampuni yako ya bima ya hapa nyumbani ndiyo inayokukatia, nayo huisha muda kama bima nyingine yoyote.

Ukienda na gari, beba kadi halisi ya gari. Kama gari si lako, beba barua ya mwenyewe inayokuruhusu kulitoa nje ya nchi, tena yenye muhuri. Kibali cha muda cha kuliingiza gari utapewa na watu wa forodha. Kituo cha Namanga ni cha pamoja, yaani maofisa wa nchi zote mbili wako ndani ya jengo moja, na kinafanya kazi usiku na mchana. Vuka alfajiri ukiweza. Jumatano na Alhamisi ya wiki ya mashindano foleni huwa ndefu.

Njia ya kwenda

Kutoka Arusha hadi Namanga ni takriban kilomita 110, na kutoka Namanga hadi Nairobi nyingine kama 165. Mabasi madogo ya Arusha–Nairobi yapo kila siku. Ukihesabu na mpaka, tenga saa sita. Anayetoka Dar kwa basi ajiandae kwa safari ya mchana kutwa au usiku kucha, na mimi humshauri alale Arusha kwanza. Ndege ya Dar–Nairobi ni chini ya saa mbili, ila hesabu na nauli ya kutoka uwanja wa ndege.

Nairobi hadi Naivasha ni kama kilomita 90, na barabara ni mbili. Ya juu inapita Limuru na Kinungi. Ni pana zaidi, lakini asubuhi na usiku ukungu hushuka mpaka huoni taa za gari la mbele. Ya chini inateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, ikipita kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Mandhari yake yanakuondolea uchovu wote, ila ndiyo njia ya malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Congo, na mteremko hausamehi breki mbovu. Isitoshe, mwishoni mwa 2025 ulianza upanuzi mkubwa wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, kwa hiyo uliza hali ya njia siku ileile unayoondoka.

Bila gari, panda matatu za Naivasha kutoka katikati ya Nairobi. Nauli hupanda wiki ile. Patana kabla ya kupanda, na usiwe na aibu ya kuuliza abiria wenzako wanalipa ngapi. Mjini Naivasha bodaboda zitakufikisha karibu na mikondo mingi ya jirani. Mikondo ya mbali, upande wa Ziwa Elmenteita, inahitaji gari, la kwako au la kuchangia. Kundi la watu wanne au watano wanaochangia gari moja lililoinuka kidogo kutoka chini ndilo linalosafiri kwa raha.

Malazi: hapa ndipo pesa inapopotea

Naivasha ni mji mdogo, na mashindano yakija unapokea umati usiolingana nao. Vyumba vya kando ya ziwa, kwenye Moi South Lake Road, hujaa miezi mingi kabla. Wanaochelewa hulala Nakuru au Nairobi na kuamka saa nane usiku.

Mwaka 2023 nililipia nafasi ya hema kwa simu, nikatumiwa ujumbe kwamba kila kitu kiko sawa. Kufika usiku, nafasi ilikuwa imeshauzwa kwa watu wengine na aliyepokea fedha hakupokea tena simu. Tulilala wanne ndani ya gari. Tangu hapo nina utaratibu wangu: nalipa sehemu tu, nadai risiti yenye jina la mahali, tarehe na idadi ya usiku, kisha siku tatu kabla ya kuondoka napiga simu ya mapokezi, si ya mtu binafsi, niwaombe wanisomee jina langu kwenye daftari lao.

Hema si jambo baya hata kidogo. Kambi za kando ya ziwa zina vyoo, maji na jiko la kukodi. Mambo mawili tu. Naivasha iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku baridi inaingia hadi mifupani; mtu wa Dar abebe blanketi kweli, si kanga. Pili, usiku viboko hutoka ziwani kuja kula nyasi. Kambi nzuri ina uzio wa umeme kati ya mahema na maji. Usiuvuke, hata kwa picha.

Pesa na simu

Kenya hununui hata smokie pasua, soseji ya mtaani iliyopasuliwa, bila kuulizwa M-Pesa. Sajili laini ya Safaricom kwa pasipoti yako siku ya kwanza, iwekee fedha, na utalipa matatu, chakula na malazi bila kubeba bunda. Ila beba na noti ndogondogo za Kenya, kwa sababu porini mtandao unapokwama muuza chai hawezi kukusubiri. Fedha badilisha benki au kwenye duka la kubadilishia lenye leseni. Wale vijana wanaokufuata na mabunda pale Namanga, wapite kwa salamu tu.

Bajeti nzuri huanza na malazi, kisha usafiri wa ndani, halafu chakula. Kwa watazamaji wa kawaida, miaka ya karibuni sehemu nyingi za kando ya mikondo zimekuwa wazi bila tiketi, na kinacholipiwa ni mahema ya kifahari yenye viti na chakula. Waandaaji hubadilisha mambo, kwa hiyo hakikisha kwenye tangazo la mwaka wako. Nami niseme wazi: yale mahema ya kifahari sijawahi kuyatamani. Rally inaonekana vizuri ukiwa kwenye nyasi.

Kuchagua mkondo

Siku ya Ijumaa na ya Jumamosi mikondo mingi hukimbiwa mara mbili, asubuhi na tena mchana. Hilo ndilo linalokuokoa. Badala ya kukimbizana na magari ambayo huwezi kuyafikia, chagua mkondo mmoja kwa siku na uone mizunguko yote miwili. Katikati utakuwa na saa kadhaa za kula, kulala chini ya mti na kupiga soga.

Njia hufungwa saa kadhaa kabla ya gari la kwanza. Mkondo ukianza saa mbili asubuhi, mimi nataka niwe nimeegesha saa kumi na moja alfajiri. Ukifika njia imefungwa, hakuna wa kumbembeleza.

Kedong ndiyo yenye feshfeshi maarufu. Vumbi lake halielezeki mpaka ulione. Soysambu na Sleeping Warrior ziko upande wa Elmenteita, kwenye tambarare chini ya kilima chenye umbo la shujaa aliyelala chali, na ukipata mwinuko unaweza kulifuata gari kwa macho kilomita nyingi. Kama una siku moja tu, nenda huko. Hell's Gate kwa miaka ya karibuni ndiyo imefunga mashindano Jumapili, mkondo mfupi wenye pointi za nyongeza, katikati ya majabali mekundu. Watu hujaa sana. Kumbuka ni hifadhi ya taifa: tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi za Kenya, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima 2017. Nunua chupa ya chuma kabla hujatoka nyumbani.

Usisahau kituo cha matengenezo pale Naivasha, ambako magari hurudi kati ya mizunguko. Mafundi wanapewa dakika za kuhesabu. Nimesimama pale nikatazama vijana wakishusha giaboksi, wakapandisha nyingine, wakafunga, gari likawaka na kuondoka, na hakuna aliyempigia mwenzake kelele. Kwa mtu aliyekulia karibu na gereji kama mimi, nusu saa ile ilitosha kulipia nauli.

Somo la upepo

Jumamosi ile ya 2022, Soysambu, nilikuwa nimejipatia kona nzuri, nikaona nimemaliza. Mzee mmoja mwenye koti la sufi na kiti cha kukunja akanisogelea.

"Kijana, umetoka wapi?"

"Arusha, mzee wangu. Shikamoo."

Akacheka kidogo kwa ile shikamoo, akaipokea. "Marahaba. Sasa sikiliza. Hapa utaona gari la kwanza pekee. Angalia zile nyasi zinalalia wapi."

Nikaangalia. Nyasi zilikuwa zinalala kuja upande wetu. Akanyoosha fimbo kwenye kiinuko ng'ambo ya pili, nikamsaidia kubeba kiti, tukavuka saa mbili nzima kabla njia haijafungwa. Gari la kwanza lilipopita, wingu lote lilisukumwa kule tulikotoka. Waliobaki pale walifunika nyuso kwa dakika nzima, na gari la pili likawapita wakiwa bado wanafikicha macho. Sisi tuliyaona yote, mpaka rangi za helmeti.

Kwa hiyo: simama upande upepo unakotoka. Tupa vumbi kidogo hewani, angalia linaelekea wapi, halafu ndipo utandike mkeka.

Usalama, na hapa sitanii

Gari la mashindano halina njia moja ya uhakika. Jiwe moja linaweza kulirusha mita nyingi nje ya barabara. Usisimame upande wa nje wa kona, hata kama picha ni nzuri; gari likikosa kona ndiko linakokwenda. Usisimame mwisho wa njia iliyonyooka, wala chini ya kiwango cha barabara. Kaa juu, upande wa ndani, nyuma ya kitu kigumu, na uwe umeshajua utakimbilia wapi. Palipofungwa utepe mwekundu usipite. Msimamizi akisema sogea, sogea. Watazamaji wakikaidi mkondo unaweza kufutwa kwa ajili ya wote.

Mpangilio wa kupita ni huu. Kwanza magari ya usalama, la mwisho likiwa na ving'ora, kwa maana kwamba njia iko tayari. Baada ya hapo hakuna kuvuka, hata simu yako ikianguka katikati ya njia. Halafu utasikia helikopta, kisha injini kwa mbali kama mtu anayechana turubai, kisha mawe. Magari ya daraja la juu yakiisha kupita usidhani mambo yamekwisha. Nyuma yao wanakuja madereva wa Kenya na nchi jirani, na hao ndio wanaoshangiliwa kuliko wote. Subiri gari la kufunga njia ndipo uinuke.

Waliokuja na watoto wawashike mkono muda wote magari yanapopita, wala si muda fulani tu. Droni iache nyumbani. Kenya inahitaji kibali cha mamlaka ya anga, na kuna helikopta zinazoruka chini. Na usijiendee ovyo vichakani kujisaidia, kwa sababu nyati wapo.

Mkoba wa siku moja

Barakoa mbili, miwani inayofunga vizuri, dawa ya macho. Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, si garini. Kofia, sweta, koti la mvua, viatu vilivyofunga vidole. Maji lita tatu kwa mtu. Mandazi, mayai, ndizi, maana wauza chakula hawafiki kila kona. Pawabenki, karatasi ya chooni, na mfuko wa kurudishia taka zako. Simu na kamera zifunge ndani ya kitambaa kila baada ya kutumia. Feshfeshi inaingia hata kwenye tundu la chaji. Kabla ya kuingia porini, kubalianeni na wenzako mahali pa kukutana mtandao ukikatika, kwa mfano kwenye gari, saa kumi kamili.

Kurudi

Jumapili alasiri umati wote unaelekea Nairobi kwa pamoja. Foleni inaweza kukula saa nyingi, giza likukute kwenye mteremko na madereva waliochoka au waliokunywa. Lala Naivasha usiku huo. Vyumba vinakuwa wazi na bei inashuka.

Jumatatu asubuhi kunywa chai taratibu, pulizia hewa chujio la gari lako maana litakuwa limejaa, kagua tairi na bolti za magurudumu, ndipo uondoke. Namanga hakikisha umegongewa muhuri wa kutoka na kibali cha gari kimefungwa kwenye mfumo, vinginevyo mwakani kitakusumbua. Na kabla hujarudisha funguo za chumba, muulize mwenye nyumba kama atakuandikia jina kwa mwaka ujao. Wakati huo anakujua kwa sura, hana mteja mwingine mlangoni, na bei utakayoipata haitatajwa tena.